Kugawa elementi ya kenchi hakuonyeshi kupinda kwake
Wengi wanaotumia OpenSees, programu ya kompyuta ya kukokotoa nguvu na mienendo ya miundo kama majengo, hudhani kwamba fito ya kenchi ikigawanywa kuwa elementi (vipande vya hesabu) kumi za kenchi, programu itaonyesha jinsi inavyopinda inapogandamizwa. Sivyo. Elementi ya kenchi hubeba mvuto na mgandamizo wa kufuata urefu wake tu, kwa hiyo kila nodi (kiungo cha vipande) ya katikati huwa bawaba isiyozuiwa na chochote pembeni, na matriksi ya ukakamavu (jedwali la namba linaloeleza ugumu wa muundo) haitatuliki (bahati nzuri, kosa hilo hujitokeza mapema). Anayetaka kuona kupinda atumie elementi za boriti, ambazo hubeba pia nguvu za kupinda, tuseme nane, azingatie mabadiliko makubwa ya umbo, na azipange nodi kwenye upinde mdogo, kwa mfano milimita 3 katikati ya fito ya mita 3, kwani fito iliyonyooka kabisa kwenye kompyuta hufupika tu bila kupinda.