Printa ya wino si nafuu kwa kila mtu

Ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu unadai kuwa printa ya wino ndiyo nafuu nyumbani, ya leza ni ya ofisi tu. Hilo si kweli kwa kila mtu; tafadhali usiusambaze. Wengi hutazama bei ya mashine pekee. Gawa bei ya katriji (kikasha cha wino au tona) kwa idadi ya kurasa inayotajwa kwenye boksi lake, upate gharama ya ukurasa mmoja, kisha linganisha printa hizo mbili. Tena wino ni majimaji: printa ikikaa wiki kadhaa bila kazi, matundu ya kichwa chake cha kuchapia, yanayotoa wino, huweza kuziba, na kuyasafisha kunakula wino uleule ulionunua. Tona ya leza ni unga, haikauki. Kwa picha za rangi, hata hivyo, chagua wino.