Kwa nini aliyepasuliwa utumbo hulala vizuri zaidi akiwa amekunja magoti?

Katika vyumba vya wagonjwa vya Goma, mtu anayerudishwa kitandani baada ya kuunganishwa utumbo hupokewa na ndugu zake kwa amri moja: alale chali, anyooke, wala asigeuke mpaka daktari aseme. Sababu inayotolewa ni kwamba akigeuka utumbo utajisokota, au nyuzi zitakatika ndani kwa ndani. Amri hiyo hutolewa kwa upendo, lakini imekaribia kuwa kinyume cha kile ambacho mwili unahitaji. Kulala chali huku miguu imenyooshwa ni miongoni mwa mikao inayoumiza zaidi kidonda cha katikati ya tumbo, na katika orodha ya mambo yanayoharibu maungio ya utumbo, kujigeuza kitandani hakumo.

Wanaofikia upasuaji huo ni wengi na sababu zao hazifanani. Homa ya matumbo iliyochelewa kutibiwa huweza kutoboa utumbo mwembamba. Uvimbe huziba njia. Na risasi, ambazo mkoa wa Kivu Kaskazini umezizoea kupita kiasi, hukata utumbo mahali zaidi ya pamoja, jambo linalojulikana vizuri katika Hospitali ya CBCA (kanisa la Kibaptisti) Ndosho mjini Goma, ambako timu za upasuaji za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zimehudumia majeruhi kwa miaka mingi. Wakati mwingine ncha mbili za utumbo huunganishwa papo hapo. Wakati mwingine ncha moja hutolewa nje kupitia ukuta wa tumbo, mgonjwa akaishi na mfuko wa kinyesi kwa miezi kadhaa, kisha akarudi kufanyiwa upasuaji wa pili wa kuunganisha.

Hofu ya utumbo kujisokota haikutoka hewani. Kuna ugonjwa wa kweli ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ikiwa ndefu kuliko kawaida na shina lake likiwa jembamba, hujizungusha na kujiziba, nao si adimu katika Afrika. Familia iliyompoteza mtu kwa ugonjwa huo haiwezi kulaumiwa kwa kuuona kila mahali. Hata hivyo kinachouleta ni umbo la utumbo wenyewe, pamoja na mambo kama kufunga choo kwa muda mrefu. Ubavu ambao mtu alilalia haumo. Tena anayepasuliwa kwa sababu hiyo kwa kawaida huondolewa kile kipande kirefu kilichojisokota, kwa hiyo hata sababu yenyewe imeondoka.

Ili kuona kwa nini kugeuka hakudhuru, yafaa kujua jinsi utumbo unavyokaa. Utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima mara nyingi hufikia kati ya meta 4 na 6, haukubandikwa mahali pamoja tumboni. Unaning'inia kwenye utando wenye mishipa ya damu, na shina la utando huo mgongoni lina urefu wa takriban sentimeta 15 tu. Mikunjo ya utumbo huteleza juu ya mikunjo mingine usiku na mchana, mtu akiwa amelala, amesimama, au amepanda pikipiki kwenye barabara za mawe ya volkano. Daktari mpasuaji mwenyewe, anapotafuta matundu, huutoa nje karibu wote, huupitisha mikononi kipande kwa kipande, kisha huurudisha ndani bila kupanga kila mkunjo mahali pake pa zamani. Akishahakikisha kwamba utando haukupinda, utumbo hujipanga wenyewe. Kiungo kinachovumilia hayo yote juu ya meza ya upasuaji hakiwezi kutishwa na mtu anayejigeuza polepole kuelekea ukutani.

Kuhusu nyuzi, historia nayo ina la kusema. Mnamo 1826 mpasuaji Mfaransa Antoine Lembert alionyesha kwamba maungio hushika vizuri pale ngozi ya nje ya ncha moja inapogusana na ngozi ya nje ya ncha nyingine, kwa kuwa nyuso hizo hunatana upesi. Mnamo 1887 Mmarekani William Halsted akaonyesha kwamba nguvu ya kushikilia uzi imo katika tabaka jembamba lililo chini ya utando wa ndani wa utumbo, si katika misuli yake. Maungio ni dhaifu zaidi katika siku chache za mwanzo, kwa kuwa mwili huyeyusha kwanza kolajeni ya zamani, yaani protini inayoshikamanisha nyama za mwili, kabla ya kutengeneza ya kutosha mpya. Yakivuja, mara nyingi hujulikana kabla au karibu na mwisho wa wiki ya kwanza, na sababu zinazotajwa ni damu isiyofika vizuri kwenye ncha, ncha zilizovutwa sana ili zifikiane, usaha tumboni, utapiamlo, sigara na baadhi ya dawa. Kwa bahati mbaya, kwa kuwa siku hizo ndizo mgonjwa anapoanza kujigeuza, jirani atakumbuka kwamba aligeuka Jumatatu na akazidiwa Jumatano. Tangu miaka ya 1990, mpasuaji Mdenmark Henrik Kehlet na wenzake wamewaamsha watu waliopasuliwa utumbo mpana na kuwatembeza mapema sana, na utaratibu huo umeenea duniani bila maungio kuachana kwa sababu yake.

Basi, ikiwa utumbo haujali, ni nani anayelia usiku? Ni ukuta wa tumbo. Kidonda kikubwa kimo humo: ngozi, mafuta, na tabaka gumu linaloshikilia misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka kwenye mbavu na kidari hadi mfupa wa kinena. Ufikirie ukuta huo kama turubai lililofungwa kati ya miti miwili, lililopasuka katikati na kushonwa. Mti wa juu ni kifua, mti wa chini ni nyonga. Ukiitenganisha miti, turubai linakazika, na kila mshono unabeba mzigo. Upepo mdogo tu ukilipiga, mishono yote inahisi. Ukiisogeza miti karibu, turubai linalegea na mishono inapumzika, ingawa hakuna aliyegusa uzi hata mmoja. Mtu anayelala chali huku miguu imenyooka ametenganisha miti: misuli ya mbele ya paja na ya ndani ya nyonga huuvuta mfupa wa nyonga, kiuno kinajikunja kuelekea juu, na tumbo linakazika. Akiinua mgongo kwa digrii 30 hadi 45 na kukunja magoti kidogo, miti imesogeleana. Upepo katika turubai hili ni kikohozi, kicheko na kwikwi, na ndiyo sababu muuguzi humwambia mgonjwa akumbatie mto juu ya kidonda kabla ya kukohoa.

Mkao huo wa kuinuka nusu una asili isiyotarajiwa. Unaitwa kwa jina la George Ryerson Fowler, mpasuaji wa Brooklyn, New York, aliyeuandika mnamo 1900. Yeye hakuwa akitafuta starehe ya mtu yeyote. Wakati huo viuavijasumu havikuwepo, na Fowler alitaka usaha wa tumbo utiririke kwenda chini kwenye nyonga, ambako aliona ungedhuru kidogo na kutolewa kwa urahisi zaidi. Sababu yake imekaribia kusahaulika. Kitanda chake kimebaki, kwa kazi nyingine. Leo kinathaminiwa kwa ajili ya maumivu na pia kwa ajili ya pumzi, kwa kuwa mtu akilala bapa viungo vya tumbo husukuma juu kiwambo, yaani msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo, na mapafu hubaki na hewa kidogo, jambo lisilofaa kwa mtu ambaye tayari anaogopa kuvuta pumzi ndefu.

Yuko mgonjwa mmoja anayeivunja kanuni hii. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo na kamera, pale huduma hiyo inapopatikana, hujazwa gesi ya kaboni dioksidi tumboni, na mabaki yake hupanda chini ya kiwambo kila anapoketi. Neva ya kiwambo hutoka shingoni pamoja na zile za bega, kwa hiyo mgonjwa hulalamikia bega ambalo hakuna aliyeligusa. Huyo, kwa siku moja au mbili, hupata nafuu akilala bapa.

Vitanda vingi havina mkono wa kuzungusha ili kuinua mgongo, na walinzi wa wagonjwa, yaani ndugu wanaowauguza, wamekwisha kulitatua hilo: kiti cha mbao hugeuzwa juu chini na kuwekwa chini ya kichwa cha godoro, hivi kwamba mgongo wa kiti unakuwa mteremko. Blanketi lililokunjwa huwekwa chini ya mapaja. Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu tita gumu lililobana nyuma ya goti kwa saa nyingi hukandamiza mshipa unaorudisha damu, na damu iliyosimama mguuni baada ya upasuaji huweza kuganda. Tegemeo liwe laini na refu, likishika paja pia, na vifundo vya miguu vichezeshwe mara kwa mara.

Kulala ubavu kunaruhusiwa mara mgonjwa anapoweza. Kinachosumbua ni kwamba tumbo huanguka kuelekea godoro na kuvuta kidonda, na tiba yake ni kitenge kilichokunjwa kikasukumwa chini ya tumbo, na kingine kati ya magoti. Ubavu upi? Wenye kiungulia hunufaika na wa kushoto, kwa kuwa tumbo la chakula hubaki chini ya mlango wa koo. Kuhusu kutoa gesi au kulinda maungio, maneno mengi yanayosemwa juu ya kushoto na kulia yametokana na uzoefu wa wauguzi kuliko majaribio, na maumivu ya mgonjwa ni kipimo kizuri zaidi. Mwenye mfuko wa kinyesi aumwage kabla ya kulala. Aliyepasuliwa pia sehemu ya haja kubwa ana masharti yake: kulala ubavu humfaa kuliko kukalia kidonda.

Kuamka kuna hatari zaidi ya maumivu kuliko kulala. «Mama, usiinuke kama unayekwenda kuchota maji,» muuguzi humwambia mgonjwa. «Kunja magoti, geuka ubavu mzima mzima, teremsha miguu, kisha ujisukume kwa mkono.» Njia hiyo huwapa mikono kazi ambayo misuli ya tumbo ingefanya.

Kulala kifudifudi kusubiri. Kidonda kina takriban asilimia 20 tu ya nguvu yake katika wiki ya tatu na hufika karibu asilimia 80 baada ya miezi 3, ingawa wengi hurudia kifudifudi kabla ya hapo, daktari akikubali. Lakini maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, homa, mapigo ya moyo yanayokimbia, kutapika, au tumbo lililovimba na kuwa gumu, havitibiwi kwa mto wala kwa mkao: mgonjwa arudishwe hospitalini usiku huohuo.