Vuli ya Cévennes: jua likiwaka kwako, tazama mlimani

Kila Septemba ikikaribia, dawati letu hupokea swali lilelile kutoka kwa Waswahili wanaoishi Gard, Ardèche na Lozère, kusini mwa Ufaransa: "Hapa jua linawaka, mbona simu inatoa tahadhari ya mvua ya rangi ya chungwa?"

Kwa sababu mvua inanyesha juu, nawe unakaa chini. Kiangazi kikiisha, bahari ya Mediterania bado ina joto. Upepo wa kusini huubeba mvuke wake hadi milima ya Cévennes; hewa inapanda, inapoa, na mawingu ya radi yanajijenga palepale saa baada ya saa bila kusogea. Septemba 2002, mji wa Anduze, huko Gard, ulipata milimita 687 ndani ya saa 24, zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka mzima Dar es Salaam. Mto Gardon, ambao Agosti watu huuvuka wameshika viatu mkononi, uliingia majumbani. Katika mafuriko yale walikufa watu zaidi ya 20. Kwa hiyo anayetuambia "mimi nimekulia masika, mvua hainitishi" tunamwomba, kwa heshima, aache.

Rangi za tahadhari mnazijua: kijani, manjano, chungwa, na nyekundu iliyo ya hatari zaidi. Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, hutoa ramani yake saa 12 asubuhi na saa 10 jioni, na hali ikibadilika huibadilisha kabla ya hapo. Ikiwa chungwa, ahirisha safari. Usishuke kwenye maegesho ya chini ya ardhi kuokoa gari. Usimfuate mtoto shuleni, walimu wana utaratibu wao. Maji ya sentimita 30 yanatosha kulibeba gari, liwe jipya au la mkopo.

Mafuriko yakipita, piga picha kabla ya kufagia tope, kisha ijulishe kampuni yako ya bima mara moja. Meya huiomba serikali itambue kwamba komuni, yaani mji au kijiji anachokiongoza, imepatwa na maafa. Uamuzi hutoka kwenye gazeti rasmi la serikali, na tangu siku hiyo una siku 30 za kuwasilisha madai. Ukichelewa, unaipa kampuni sababu ya kubishana nawe. Kwa makazi, euro 380 za mwanzo za hasara unazibeba wewe mwenyewe. Mpangaji, bima yako inahusu vitu vyako. Kuta ni za mwenye nyumba. Bima ya gari ya kiwango cha lazima pekee hailipi mafuriko. Na ombi la meya si madai yako: madai unaandika wewe.