Jua kupitia ufa wa mikroni 10
Wengi wakiona picha ya Jua yenye ndimi za gesi pembezoni hudhani imepigwa kwa kichujio ghali cha haidrojeni. Zangu hazina kichujio hicho. Natumia spektroheliografu: kisanduku cha plastiki kilichotoka kwenye printa ya 3D, ndani yake mna ufa wa upana wa mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lenzi mbili, gretingi (kioo chenye mistari 2400 kwa kila milimita) na kamera ndogo isiyo ya rangi. Wazo lenyewe ni kongwe: George Ellery Hale kule Marekani na Henri Deslandres Ufaransa walilifikia kila mmoja kivyake mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ramani niliyoifuata ni ya Sol'Ex, kazi ya Mfaransa Christian Buil.

Darubini ya fokasi ya milimita 400 huangusha juu ya ufa taswira ya Jua yenye kipenyo cha karibu milimita 3.7. Ufa hupitisha ukanda mwembamba tu, gretingi huutawanya, na kamera huona utepe wenye mistari myeusi. Wa haidrojeni uko kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.28. Mwanga wa katikati ya mstari huo hutoka kromosfea, tabaka jembamba la gesi juu ya uso wa Jua. Ukitoka kando vya kutosha unaiona fotosfea, uso wenyewe wa Jua ulio chini yake. Basi unaliacha Jua litambae juu ya ufa huku ukirekodi video. Baadaye programu huchota safu ileile ya pikseli katika kila fremu na kuzipanga bega kwa bega hadi Jua zima litokee.

Utamu uko hapo: wimbi unalichagua ukiwa umeshamaliza kurekodi. Kwa kamera yenye pikseli za mikroni 2.4, kusogea pikseli moja ni kama nanomita 0.006, sawa na kasi ya gesi ya karibu kilomita 3 kwa sekunde. Ikweta ya Jua huzunguka kwa takriban kilomita 2 kwa sekunde, ukingo mmoja ukitujia (mstari wake husogea kuelekea buluu) na mwingine ukitukimbia (husogea kuelekea wekundu). Toa picha ya upande wa buluu wa mstari kwenye ile ya upande mwekundu, na mzunguko huo unaonekana.

Wenye haraka hukimbilia kamera bora. Mimi ningeanza na ufa. Chembe ya vumbi ya mikroni 5 huziba nusu ya upana wake, na kwa kuwa ufa ni uleule katika kila fremu, kivuli chake huwa mchirizi unaolikata Jua ukingo hadi ukingo. Programu huufuta, lakini hufuta na vitu vidogo vya kweli. Pulizia hewa, kitambaa kaa nacho mbali.

Joto nalo huweza kuuharibu ufa, hivyo mwanga upunguzwe mapema, kwa kichujio cha mbele au prizimu ya Herschel (kioo kinachotupa kando sehemu kubwa ya mwanga). Jicho haliwekwi popote kwenye chombo hiki, wala kwenye darubini ndogo ya kulengea. Hilo halina mjadala.

Mstari wa kalisi, nanomita 393.37 kwenye urujuani, uache kwanza. Lenzi za kawaida hazikusanyi urujuani mahali pamoja na wekundu, kwa hiyo utarekebisha fokasi ya darubini na ya lenzi zote mbili za ndani kabla ya kupata chochote.