Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe

Mtoto akinywa mafuta ya taa, wengi wetu hukimbilia maziwa au kumtia kidole kooni atapike. Nia ni njema, ila hapo ndipo hatari inapozidi. Yakiwa tumboni, mafuta haya hufyonzwa kidogo tu. Balaa lake liko mapafuni. Ni mepesi mno, hivyo mtoto akitapika au kupaliwa huingia upesi kwenye njia ya hewa na kuleta nimonia kali. Maziwa hayaondoi sumu, na yanaweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mwahishe hospitali hata akionekana mzima, kwani shida ya kupumua huweza kuchelewa saa kadhaa. Na jamani, tusiyaweke kwenye chupa ya soda: kwa mtoto wa miaka miwili, hicho ni kinywaji.