Pandu: upungufu wa damu katika Ayurveda

Pandu ni jina la Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwa ugonjwa wa kupauka: ngozi, kucha na macho hupoteza rangi, mwili huishiwa nguvu, moyo hwenda mbio. Daktari wa leo angewaza upungufu wa damu, ila pandu ni pana zaidi, kwa kuwa waganga wa kale walipima kwa macho. Hata umanjano wa macho walisema unaweza kutokana na pandu iliyozidi.

Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, kinataja aina 5. Ya tano ndiyo inayonivutia: pandu ya kula udongo. Hamu hiyo wajawazito wengi wa kwetu wanaijua, na sayansi ya sasa nayo inaihusisha na ukosefu wa madini ya chuma. Tiba yake ina ujanja: mgonjwa huharishwa ili udongo utoke, na asipoweza kuacha, hupewa udongo uliochanganywa na majani ya mwarobaini na dawa nyingine ili auchukie.

Chuma chenyewe kimo katika dawa nyingi za pandu. Navayasa, kwa mfano, huwa na viungo 9 vya mimea kwa kipimo sawa, pamoja na unga wa chuma wenye uzito wa vyote 9, na hulambwa kwa asali na samli. Chuma huchomwa hadi kiwe chekundu, huzimwa katika mafuta, maziwa ya mtindi na mkojo wa ng'ombe, kisha husagwa na kuchomwa tena na tena mpaka unga wake uelee juu ya maji.

Lakini kuelea hakuonyeshi kama kuna madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huzuia mwili kutengeneza himoglobini, kijenzi chekundu cha damu, kwa hiyo dawa ya namna hiyo inaweza kuongeza ugonjwa uleule.

Isitoshe, si kila upungufu wa damu unatokana na kukosa chuma. Malaria huvunja chembe za damu, selimundu pia, na minyoo ya safura hunyonya damu kila siku. Kwa hiyo kapime kwanza wingi wa damu na chanzo chake. Mjamzito asimeze unga wa madini ambao haujapimwa maabara, hata ukiitwa wa asili.