Betri Chakavu za Lithiamu: Thamani Hupotea Kabla ya Kufika Kiwandani

Mali iliyomo kwenye betri ya simu iliyokufa ni unga mweusi uliopakwa kwenye karatasi nyembamba ya alumini. Huo ndio upande wa kathodi (ncha chanya). Katika betri nyingi za simu ni oksidi ya lithiamu na kobalti, na ikiwa safi, kobalti peke yake ni takriban asilimia 60 ya uzito wake. Mawe yanayochimbwa Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti nchini Kongo, kwa kawaida hayakaribii kiwango hicho. Upande wa pili, anodi (ncha hasi), ni grafaiti juu ya karatasi ya shaba. Mali hii huharibika mapema, mezani kwa fundi au kwenye ghala la vyuma chakavu, pale aina tofauti zinapochanganywa na seli kutobolewa.

Kwanza tenganisha kwa kusoma lebo. Iliyoandikwa volti 3.2 ni ya fosfati ya chuma (LFP), ambayo imejaa kwenye betri za sola na hutumika pia kwenye pikipiki za umeme. Haina kobalti wala nikeli. Iliyoandikwa 3.6 au 3.7 kwa kawaida huwa na kobalti, mara nyingi pamoja na nikeli na manganizi (NMC). Lebo ikiwa imefutika, iweke kwenye chombo cha peke yake. Usikisie kwa mita: seli ya NMC iliyokaribia kuisha chaji husoma volti zilezile za LFP iliyojaa.

Kisha punguza chaji. Wengi hutumbukiza betri kwenye maji ya chumvi, njia rahisi yenye kasoro kubwa. Ncha za chuma huliwa na kutu, umeme hukatika ndani kukiwa bado na chaji, na mapovu yanayopanda ni haidrojeni na klorini. Ganda likitoboka, maji hukutana na chumvi ya floridi iliyomo kwenye elektrolaiti, kimiminika cha ndani ya seli, na kutoa haidrojeni floridi, gesi inayochoma mapafu. Tunashauri resista, kifaa kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme. Kwa seli moja ya duara ya 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65), resista ya omu 4 yenye uwezo wa wati 10 huvuta ampea moja hivi. Seli ya mAh 2500 huisha kwa karibu saa tatu. Iache ipumzike usiku kucha, kisha pima tena, maana volti hupanda zenyewe. Ukipata chini ya 1, inatosha. Isikae karibu na sifuri kwa miezi, kwa kuwa shaba ya anodi huanza kuyeyuka na kwenda kugandia kathodi. Kwa sababu hiyohiyo, seli iliyoshushwa hivyo haichajiwi tena kamwe.

Betri iliyovimba haiguswi kwa bisibisi wala resista. Ifukie kwenye mchanga mkavu ndani ya chombo cha chuma, mbali na jengo, mfuniko usibanwe. Nyingine zote, ziba ncha zake kwa tepu ya umeme.

Kazi ya fundi inaishia hapo. Kupasua ni kwa kiwanda, na humo mashine husaga ndani ya gesi ya naitrojeni ili moto usipate hewa. Grafaiti huachia shaba kwa urahisi, kwani gundi yake mara nyingi ni ya maji. Gundi ya kathodi ni ya plastiki yenye florini, nayo huhitaji kiyeyushio maalumu au joto la nyuzi 500 hivi. Tanuri likipita 660 alumini inayeyuka, inaufunga unga, na baadaye ndani ya asidi inazalisha haidrojeni.

Unga huyeyushwa katika asidi ya sulfuriki ya moli 2 kwa lita, kwenye nyuzi 60 hadi 80, pamoja na haidrojeni peroksidi. Bila peroksidi kobalti hubaki imeng'ang'ania, kwa sababu ikiwa katika hali yake ya +3 haiyeyuki vizuri. Halafu pH (kipimo cha uasidi) hupandishwa polepole hadi karibu 5 ili chuma na alumini vitoke. Ukimimina alkali kwa pupa, kobalti na nikeli huganda navyo na kutupwa na tope. Hapa ndipo LFP iliyoponyoka kwenye uchambuzi inapoleta hasara: chuma chake na fosfati huongeza tope, alkali na saa za kuchuja.

Lithiamu hutoka mwisho, baada ya kobalti na nikeli, kwa soda magadi, bidhaa ileile inayochimbwa Ziwa Magadi. Kabonati ya lithiamu ina tabia ya kinyume: kwenye nyuzi 20 maji huyeyusha gramu 13 kwa lita, kwenye 100 gramu 7 tu. Kwa hiyo hugandishwa na kuoshwa kwa maji ya moto. Anayeosha kwa maji baridi anamwaga mali yake kwenye mtaro.

LFP hailipi kupitishwa njia hiyo yote, kwani lithiamu ni asilimia 4.4 tu ya unga wake na kilichobaki, chuma na fosfati, ni cha bei ya chini. Kwa maoni yetu njia yake ni kuukarabati unga bila kuuvunja. Fuwele zake huwa nzima, zimepungukiwa lithiamu tu, nayo hurudishwa kwa kuuchemsha katika mmumunyo wa lithiamu wenye asidi ya limau, kisha kuuchoma kwenye tanuri lisilo na oksijeni. Shaba na alumini zikiwa zimesagika ndani yake, ukarabati huo hauwezekani. Ndiyo sababu seli za LFP zifike kiwandani zikiwa nzima, kwenye mzigo wake peke yake.